Barua ya Idah Isiyo na Maua

Ukimtaja Idah mbele ya Tabby, kitu cha kwanza atakachokuambia ni viatu. Mwaka wa tisini na saba Idah alikuwa na vyeusi vya kamba. Mwaka uliofuata akanunua vya kahawia vyenye kisigino kinachogonga sakafu, na mwaka huu vya kijani, rangi ambayo Tabby anasema haiuzwi Thika hata uzunguke mji mzima. Anavikumbuka vyote kwa mpangilio, vile sisi shuleni tunakariri miaka ya vita. Akimaliza viatu anaingia kwa nywele, kisha bwana, kisha simu ya nyumbani kwa Idah kule Ruiru. Simu hiyo Tabby ameisikia ikilia mara moja tu, lakini mlio wake anaweza kuuiga.

Mimi naitwa Muna, niko kidato cha tatu. Mlango wetu na wa Tabby inatazamana katika ploti moja ya nyumba za kupanga hapa Kiganjo, na bomba la maji liko katikati, kwa hivyo mambo mengi nimeyasikia nikingoja ndoo ijae. Mengine nimeyaona mwenyewe. Likizo ya Agosti mwaka huu wa 1999, mama alinilipia masomo ya taipu mahali Tabby anapofanya kazi, akisema mkono unaojua taipu haukai bure. Nilikuwa nikienda kila siku na kugonga mazoezi yangu kwenye mashine ya kona, ile ambayo herufi yake ya "e" imepinda.

Tabby ana miaka thelathini na moja. Alisoma uhasibu kwa jioni, akipiga taipu mchana, na alifaulu mitihani ya CPA mpaka sehemu ya pili. Cheti chake kiko ukutani nyumbani kwake, kimefunikwa na plastiki ili moshi wa jiko usikiguse. Lakini kazi ya hesabu hajawahi kuipata. Ameandika barua nyingi, na majibu yake anayaweka kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo wa kilo nne. Yote ni regret, yaani tunasikitika hukuchaguliwa. Siku moja nilimuuliza mbona hayatupi, akasema, "Ni karatasi nzuri. Nyuma haijaandikwa."

Idah walisoma naye. Walikaa deski moja miaka minne, halafu wakakutana tena kwenye madarasa ya jioni ya uhasibu. Mtihani wa kwanza Tabby alipita na Idah akaanguka. Idah aliurudia akisoma notisi za Tabby, akapita, na mwezi huo huo akapata kazi ya karani katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. "Kwa notisi zangu," Tabby husema. "Hata pale nilikuwa nimekosea tarehe, aliandika vile vile."

Sasa nieleze kuhusu maua.

Duka la taipu anamofanyia kazi Tabby liko ghorofani, juu ya duka la mbegu, na unapanda kwa ngazi ya mbao. Watu wanatoka Kamenu, wanatoka Makuyu, wengine wanatoka mpaka Gatundu, wanapita maduka mengine matatu ya taipu ili waandikiwe na Tabby. Sababu ni maua. CV, ile karatasi ya kujieleza unapoomba kazi, mtu yeyote anaweza kukupigia. Lakini ya Tabby inazungukwa na mpaka wa nyota ndogo pande zote nne, nyota iliyoketi kati ya vistari viwili, na kona nne zina kitu kama ua, ambalo yeye hulitengeneza kwa kugonga herufi "o" na "x" na nukta mahali pamoja. Jina lako linaandikwa kwa herufi kubwa zilizoachana, kila moja na nafasi yake, kama watu waliopiga foleni. Vichwa vya kila sehemu vinapigwa kwa rangi nyekundu, maana utepe wa mashine una nyeusi juu na nyekundu chini, halafu vinapigiwa mstari mara mbili. Mtu akiishika karatasi hiyo anaishika kwa vidole viwili, kama picha ambayo haijakauka. Mwalimu mmoja aliwahi kuitia yake kwenye fremu.

Sasa, wiki ya pili ya Agosti tangazo lilitoka kwenye gazeti. Kampuni moja ya fedha ilikuwa inafungua ofisi Ruiru na ilitaka karani wa hesabu. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, mimi nalieleza tu: lilitaja mambo saba ambayo mtu awe ameyafanya, kama kutayarisha mishahara, kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, kufuatilia wadaiwa na kutunza fedha ndogo za ofisi. Chini kulikuwa na mstari ambao Tabby aliusoma mara nne. Ulisema barua zipelekwe kwa ofisi fulani ya Nairobi inayochagulia kampuni watu, na kwamba zipigwe taipu, kwa sababu zitasomwa kwanza na kompyuta.

"Kompyuta inasomaje?" niliuliza.

"Zoezi lako umemaliza?" Tabby akasema. Hiyo ilimaanisha hajui.

Aliyejua alikuwa Dismas, fundi wa mashine za taipu. Dismas huja kila mwezi na mfuko wa bisibisi na chupa ya mafuta. Siku hizi anajifunza kompyuta Nairobi, kwa sababu anasema taipu zinakufa na yeye hataki kuzikwa nazo. Alikuja siku iliyofuata, na kabla hajaweka mfuko chini Tabby alikuwa amemnyooshea gazeti.

"Hii nimeiona," Dismas alisema. "Kwa macho yangu. Inapiga karatasi picha, halafu ile picha inageuzwa kuwa maneno ndani ya kompyuta. Kisha wanaiuliza, nani hapa amesema mishahara? Nani amesema benki? Waliosema wanakaa upande huu. Ambaye hajasema, kwaheri."

"Bila mtu kusoma?"

"Mtu anasoma waliobaki, madam. Barua mia nne, nani ako na hiyo macho?"

"Na kama mtu anajua kazi lakini ameieleza kwa maneno yake?" niliuliza.

"Basi ameongea na ukuta."

Tabby alichukua kalamu. "Kwa hivyo maneno ya tangazo unayarudisha vile yalivyo."

"Vile vile. Bora iwe ni kweli umeyafanya, maana ukiitwa utajieleza mbele ya watu, si mbele ya mashine."

Sijawahi kumwona Tabby akifurahi namna hiyo. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa karatasi ya mtihani kabla ya wenzake. Alikata lile tangazo, akalibandika mbele yake kwenye ukuta, na saa ya chakula badala ya kushuka kununua githeri akaanza kutengeneza CV yake mwenyewe. Ya zamani ilisema, "Ninasaidia tajiri wa duka na vitabu." Akaigeuza iseme anatunza vitabu vya hesabu. Ilisema anaangalia kama hesabu za kikundi chao cha akina mama zinafanana na kile benki inasema. Akaandika kulinganisha na taarifa ya benki, neno kwa neno kama tangazo. Hakudanganya popote. Kikundi kina akina mama kumi na wanane na kitabu kimoja, lakini kukilinganisha anakilinganisha.

Kisha akaanza maua. Siku mbili, saa za chakula. Nyota arobaini na sita juu, arobaini na sita chini, nilizihesabu. Mpaka huo haujawahi kufanyiwa mteja.

"Auntie," nikasema, "na mashine ikifika kwa nyota? Itajuaje kwamba nyota si neno?"

"Mashine imetengenezwa na mzungu aliyesoma," Tabby akasema. "Haiwezi kushindwa na nyota. Na baada ya mashine kuna mtu, na mtu ana macho. Piga zoezi."

Nikapiga zoezi.

Siku ya tatu Dismas alirudi kumalizia ile mashine yangu ya "e". Alikuwa ameipindua miguu juu kisigino kiliposikika kwenye ngazi. Tabby hakugeuka. Alifungua droo, akaingiza CV yake, akaifunga, na ndipo akageuka.

"Tabby wangu. Sasa," Idah alisema.

Nilikuwa nimesikia habari zake kwa miaka, lakini hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kwa karibu. Nilitazama miguu kwanza, nakiri. Vilikuwa vya kijani kweli. Yeye mwenyewe ni mfupi, mnene kidogo, na anacheka kabla ya kumaliza sentensi. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, kama mtu aliye kwake.

"Umeona hiyo kazi ya Ruiru? Ni dakika kumi kutoka kwangu. Nimechoka na shamba. Nimeandika kwa mkono hapa, nipigie, lakini nataka ile yako yenye maua. Nimewaambia watu wote mimi nina rafiki anafanya maua."

"Umeamua kuandika," Tabby alisema.

"Njau ndiye amenisukuma." Njau ni bwana yake, anauza spea za magari. "Wewe huandiki?"

"Mimi? Niende Ruiru kufanya nini?"

Nilitazama droo. Tabby alinitazama mimi. Nikarudi kwenye kitabu cha mazoezi.

Nadhani Tabby alikuwa amepanga kumpigia Idah maneno yale yale aliyokuja nayo, na hiyo ya kurudisha maneno ya tangazo ibaki yake. Karatasi ya Idah ilikuwa imeandikwa kawaida kabisa: nililipa wachumaji, niliweka pesa za chai za ofisi, niliangalia benki. Ingeongea na ukuta. Lakini Dismas hawezi kukaa na kitu. Kichwa chake kilitoka nyuma ya ile mashine iliyopinduliwa.

"Ni ile ya kompyuta? Mama, usiandike hivyo. Tumia maneno ya tangazo. Si nimemweleza madam hapa? Muulize."

Akaeleza yote tena kuanzia mwanzo, picha, maneno, kwaheri, huku Tabby akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Alipomaliza akafuta mikono, akachukua mfuko, akaenda kwa mteja mwingine Kamenu. Alikuwa ameacha mabaki ya furaha ya Tabby sakafuni na hakujua.

"Kumbe uko na siri kama hizi," Idah akasema. "Basi nitengenezee."

Tabby akaingiza karatasi. Alikuwa hana budi. Akaanza kumuuliza maswali, na kwa kila jibu aligonga herufi kwa nguvu zaidi. Wachumaji uliowalipa ni wangapi? Mia moja na arobaini, kila Jumamosi. Benki unalinganisha mara ngapi? Kila mwisho wa mwezi, akaunti mbili. Wadaiwa? Wako, wanaonunua miche kwa mkopo. Mambo yote saba ya tangazo Idah alikuwa ameyafanya, na si kwa akina mama kumi na wanane. Tabby aliyapiga yote kwa maneno ya tangazo, bila kupunguza hata moja. Nilikuwa nyuma yake na niliona. Kuna mambo mkono wake haukubali, na kuharibu kazi ya taipu ni moja.

Lakini maua yalikuwa yake.

Baada ya dakika ishirini akachomoa karatasi na kumpa. Idah akaigeuza, akatazama nyuma, akaigeuza tena. Ilikuwa nyeupe, na herufi nyeusi za kawaida zimeanza kushoto zikaenda kulia. Hakuna mpaka, hakuna nyekundu, hakuna hata mstari mmoja chini ya jina.

"Tabby, hii ni nini? Imekaa kama kuku aliyenyonyolewa."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Maua yako wapi?"

Tabby hakungoja hata kidogo. "Mashine haipendi maua," akasema. "Inachanganyikiwa. Ikiona nyota inadhani ni neno."

Nilisahau kufunga mdomo. Lilikuwa swali langu, lile alilolikataa jana yake, na sasa alikuwa amelivalisha suti na kulitoa kama jibu.

Idah akamtazama kidogo. "Dismas hakusema hivyo."

"Dismas amesoma wiki mbili. Mimi nimepiga taipu miaka kumi na mmoja."

"Sawa. Wewe ndiye unajua." Akaikunja vizuri, akamkumbatia Tabby begani, akaondoka. Visigino vikashuka ngazi moja moja.

Tabby akakaa. "Umeviona viatu?" akaniuliza.

"Nimeviona."

"Mtu anakuja kuomba kazi ya watu na viatu vya kijani. Na ana kazi tayari. Ana bwana, ana simu, ana kazi, na bado anataka hiyo." Akafungua droo, akatoa CV yake yenye nyota, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Nataka wamwone na kuku wake, halafu waone hii."

Aliituma siku hiyo hiyo kabla posta haijafunga. Nakala ya kaboni akairudisha kwenye droo.

Shule zilifunguliwa na mimi nikarudi darasani, lakini nilikuwa nikipitia pale jioni kwa sababu masomo yangu ya taipu hayakuwa yameisha. Septemba ikaenda. Tabby alikuwa akiuliza posta kila siku, akaacha kuuliza, akaanza tena. Safari hii hata regret haikuja, na hilo ndilo lililomuuma. Regret, angalau, mtu ameandika jina lako.

Halafu habari zikafika kwenye bomba. Mama mmoja wa ploti ana dada yake anayeishi jirani na Idah. Idah ameitwa interview. Baada ya wiki: Idah amepata.

Tabby alikuwa akiosha sufuria. Alisugua sufuria hiyo mpaka mama yangu akamwambia, "Tabby, itatoboka." Siku zilizofuata kila kitu kilikuwa Idah. Mvua ikinyesha Kiganjo, alisema Ruiru lazima kuna jua. Mteja akimwambia CV imependeza, alijibu kwamba kupendeza hakusaidii, kuna watu wanaotuma kuku. Usiku niliwahi kumsikia kupitia dirisha lake akiuiga mlio wa simu, polepole, peke yake. Sikucheka.

Oktoba, siku ya Jumatano, nilikuwa pale na sare yangu ya shule nikigonga barua ya mazoezi, na visigino vikasikika tena. Idah aliingia na mkate, paketi ya majani ya chai na sukari, vile mtu anaenda kumwona mama mkwe. Akaviweka vyote juu ya mashine ya Tabby.

"Nimekuja kushukuru," akasema. "Nisiposhukuru, Njau amesema nisirudi."

"Pongezi," Tabby akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

"Ngoja nikwambie, kwa sababu hutaamini. Nimeanza juzi. Yule mkubwa wa ofisi akanionyesha zile barua. Karibu mia nne, Tabby. Mashine ilisoma kama sitini tu. Zile zingine zilitoka takataka. Mistari chini ya maneno, mashine inaona mistari inagusa herufi, inaandika upuzi. Nyota, upuzi. Jina likiachanishwa herufi, linatoka vipande vipande, mtu hana jina. Na nyekundu haioni kabisa, inaona nyeupe. Akaniuliza, nani alikupigia yako, maana mashine iliisoma kutoka juu mpaka chini bila kukwama. Nikasema kuna mtu Thika anajua hii mambo. Nikamwambia nililalamika kwamba ni kuku, na huyo mtu akaniambia mashine haipendi maua. Akashangaa sana."

Tabby alikuwa ameshika ile paketi ya majani. Iliingia ndani kidogo pale vidole vilipokuwa.

"Na kuna kingine," Idah akaendelea. "Kazi ni nyingi, wanataka karani wa pili. Hawataki kutangaza tena. Wamesema kama tunamjua mtu aliyesomea hesabu na aliomba, ile barua yake ikatupwa na mashine, alete nyingine mpaka Ijumaa na itasomwa na mtu. Lakini awe aliomba. Wataangalia kwenye lile sanduku la takataka kama yumo. Nikakufikiria wewe, nikakumbuka hukuandika." Akamtazama. "Hukuandika, sivyo?"

Hapo nilijua kila kitu kilichokuwa kwenye mizani. Akisema aliandika, kazi ile iko, mwendo wa mkono tu. Lakini Idah ataomba kuiona, na akiiona atahesabu nyota, na akihesabu nyota atajua kwa nini yeye alinyimwa.

"Sikuandika," Tabby akasema. "Mimi niko sawa hapa."

"Haya. Ni hasara lakini." Idah akasimama. "Nashuka hapo chini ninunue mbegu za sukuma wiki, halafu niende."

Visigino vikashuka. Tabby alibaki akitazama mkate. Akauhamisha kutoka kwenye mashine mpaka mezani, kutoka mezani mpaka dirishani. Mzee mmoja akaingia na cheti cha mwanawe, akasema anataka CV ya kijana wake, yenye maua, ile aliyoisikia. Tabby akamtazama kama aliyemtukana.

"Ngoja, baba," akasema.

Alivuta droo, akatoa ile nakala ya kaboni, na akateremka.

Ile ngazi ya mbao hubeba sauti kama bomba, na mimi sikusogea kwenye kiti changu. Yule mzee pia alinyamaza, nadhani alifikiri ni jambo la ofisi.

"Nimedanganya," nilisikia Tabby akisema huko chini.

"Nini?"

"Niliandika."

Karatasi ikasikika ikifunguliwa. Kisha nikasikia mwenye duka la mbegu akipima kitu kwenye kopo.

"Nyota zote hizi," Idah akasema.

"Zote."

"Kwa hivyo ulijua mashine haipendi maua, na yako ukaweka."

"Sikujua. Nilikuambia tu."

"Uliniambia tu."

"Ulikuwa umevaa vile viatu."

Nikasikia kisigino kimoja kikigonga sakafu.

"Viatu vya kijani?" Idah akasema. "Tabby, vile viatu vilinitoa malengelenge siku hiyo. Nilivivua nikatembea peku kutoka steji ya matatu mpaka nyumbani. Njau alidhani nimeibiwa."

Tabby hakucheka. "Na simu," akasema. "Na notisi zangu."

"Notisi zako nilikurudishia na jalada jipya."

"Najua. Lilikuwa zuri kuliko langu."

Idah akavuta pumzi ndefu, na aliposema tena sauti yake haikuwa na kicheko. "Ningekosa hiyo kazi, ungeniambia ulichofanya?"

"Sijui."

"Na kama ungepata wewe?"

"Ningevaa viatu vizuri nije kukuonyesha."

Hapo ndipo Idah alipocheka, lakini kidogo, kama mtu aliyelazimishwa. "Uko na roho mbaya, Tabby, na hata hujui kuificha. Panda juu. Unapiga nyingine sasa hivi, na mimi nasimama nyuma yako."

Wakapanda wote wawili. Tabby alimwomba yule mzee radhi, akaingiza karatasi, akaanza. Idah alisimama nyuma yake na paketi ya mbegu mkononi kama mwalimu na chaki. Jina likatoka limeshikana, jeusi, bila nafasi. Alipofika kwenye kichwa cha kwanza, mkono wa kushoto wa Tabby ukaenda wenyewe kwenye kile kichuma cha kubadilisha utepe kuwa mwekundu.

"Tabby."

"Nimeacha."

Mistari miwili baadaye kidole kikaelea juu ya nyota.

"Tabby."

"Nilikuwa najikuna."

Ilipokwisha, Idah aliisoma, akasimama pale kwenye akina mama kumi na wanane. "Hii ya kikundi iache. Ni ya kweli." Kisha akaitia mkobani, akamwambia kwamba ataipeleka yeye mwenyewe asubuhi, na akaongeza kwamba asimshukuru, bado ana hasira, atamwambia zikiisha.

Yule mzee akauliza kama sasa zamu yake imefika, na kama mwanawe atapata maua.

"Kijana anaomba wapi?" Tabby akamuuliza.

"Ualimu, kwa shule ya kanisa."

"Huko wanasoma watu. Nitampa nyota."

Waliikuta barua ya kwanza ya Tabby kwenye lile sanduku. Mashine ilikuwa imeigeuza kurasa tatu za alama ambazo hazina maana, na jina lake halikuwa popote, ila karatasi yenyewe ilikuwa pale, ikametameta kati ya zingine, Idah alisema, hata yule mkubwa akaishika kwa vidole viwili. Walimwita. Walimuuliza kuhusu akaunti za akina mama kwa dakika arobaini. Alianza tarehe moja Novemba.

Sasa ni Desemba, shule zimefungwa, na Tabby huamka mapema kuliko sisi sote kwenda Ruiru. Dukani wameweka msichana mwingine, naye anapiga kuku tu kwa kila mtu, hata kwa kadi za harusi, kwa sababu amesikia ndiyo ya kisasa. Mkebe wa Kimbo Tabby amempa mama yangu auwekee unga.

Jioni hukutana na sisi kwenye bomba. Juzi nilimuuliza kazi ikoje.

"Kazi ni nzuri," akasema, akisukuma ndoo chini ya maji. "Tunakaa tumetazamana, mimi na Idah. Ako dirishani. Mimi niko ukutani. Kiti chake kina magurudumu, kinazunguka hivi na hivi. Changu kina miguu minne."

"Si uombe na wewe?"

"Nimeuliza. Alipewa tu, hata hakuomba." Ndoo ikajaa, akaisogeza. "Hasira zimemwisha lakini. Ijumaa aliniletea vile viatu vya kijani kwa mfuko. Amesema yeye vinamuua, nichukue."

Nilitazama chini. Alikuwa amevivaa, pale kwenye tope la bomba, na alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Vinakutosha?" nikauliza.

"Vinanibana vibaya sana," Tabby akasema, akabadilisha mguu, na hakuvivua.